Nani anakagua mitambo inayobeba fedha za kahawa?

Mnunuzi wa kahawa wa Omurushaka hakubali gunia kwa kutazama jinsi lilivyoshonwa. Huchoma bambo, hutoa punje za katikati, huziangalia rangi, huziuma, na mwenye kipima unyevu hukitumia. Baada ya hapo ndipo bei hutajwa. Mwenye mali naye haondoi macho kwenye mizani. Huo ndio utaratibu wa soko, na hakuna anayeuona kuwa ni kukosa imani.

Fedha za kulipia gunia hilo, hata hivyo, siku hizi husafiri katika mitambo isiyochomwa bambo na mtu yeyote wa Karagwe wala Kyerwa. Hutoka benki, huingia kwenye simu, huhamia simu ya mtandao mwingine na kuishia kwa wakala. Nyuma ya safari hiyo ya sekunde chache zipo kompyuta nyingi zinazofanya kazi kwa pamoja, zikiongozwa na programu ambazo kwa sehemu kubwa hazikutengenezwa na benki wala kampuni ya simu. Ni programu huria, yaani zile ambazo maandishi yake yako wazi kwa kila mtu kuyasoma, kuyatumia na kupendekeza yarekebishwe.

Swali ambalo wafanyabiashara na wenye mitaji midogo wanapaswa kuanza kuliuliza si kama mitambo hiyo ni ya kisasa. Kila muuzaji wa mitambo atajibu kuwa ni ya kisasa. Swali ni nani anayesoma maandishi hayo, nani anayetengeneza kasoro zake, na mtu huyo analipwa na nani.

FEDHA ZINAVYOSAFIRI

Hali ya soko imebadilika kwa kasi. Katikati ya miaka ya 1990, biashara ya kahawa ilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi, fedha za msimu zilisafirishwa kwa gari, zikiwa noti ndani ya masanduku, na hatari iliyojulikana ilikuwa ya majambazi njiani. Mwaka 2008 huduma ya M-Pesa ilianza nchini. Mwaka 2014 baadhi ya kampuni za simu zilianza kuruhusu wateja wao kutumiana fedha kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, na mwaka 2016 Vodacom nayo ikaingia katika mpango huo. Serikali ilipoagiza mwaka 2018 kuwa kahawa ya mkulima ipitie katika vyama vya msingi vya ushirika, malipo kwa akaunti za benki na simu yalizidi kuenea.

Hatua kubwa zaidi ilichukuliwa na Benki Kuu ya Tanzania, iliyoanza kuujaribu Mfumo wa Malipo ya Papo kwa Papo, TIPS, mwaka 2021. Mfumo huo unaziunganisha benki na kampuni za simu mahali pamoja badala ya kila mmoja kuingia mkataba na kila mwenzake. Jambo ambalo halikuzungumzwa sana sokoni ni kwamba wataalamu wa ndani wa Benki Kuu waliujenga kwa kutumia Mojaloop, programu huria ya malipo iliyotolewa kwa umma mwaka 2017 kwa msaada wa Taasisi ya Bill na Melinda Gates.

Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Nchi haikulazimika kununua mtambo uliofungwa kutoka nje na kulipa ada ya leseni kila mwaka. Wataalamu wa ndani walipata kazi ya kujenga, si ya kubonyeza tu. Lakini anayepokea ng'ombe wa bure hapokei na malisho. Programu huria haina bei ya kununulia. Ina gharama ya kuitunza, na gharama hiyo haikwepeki kwa sababu risiti haikutolewa.

KUNDI LA KOMPYUTA

Mtambo wa malipo wa ukubwa wa taifa hauwezi kukaa ndani ya kompyuta moja. Ikizimika, nchi nzima imesimama. Kwa hiyo kazi hugawanywa kwa kompyuta nyingi zilizounganishwa, na kundi hilo huhitaji msimamizi: wa kujua kompyuta ipi ina nafasi, ipi imekufa, na kazi ya ile iliyokufa ihamishiwe wapi bila mteja kugundua.

Msimamizi anayetumika zaidi duniani kwa kazi hiyo anaitwa Kubernetes, neno la Kigiriki lenye maana ya mshika usukani wa chombo. Kampuni ya Google iliitoa programu hiyo kwa umma mwaka 2014, na mwaka 2015 ikakabidhiwa kwa taasisi iliyo chini ya Linux Foundation ili isiwe mali ya kampuni moja. Mojaloop yenyewe imetengenezwa ili iweze kuendeshwa juu ya Kubernetes. Benki, kampuni za simu na mashirika ya serikali katika mabara yote huitumia.

Ugumu wa kazi ya programu hizi unaeleweka kwa mfano wa kawaida. Mtu aliyeko Omurushaka anatuma Sh. 500,000 kwa mwenzake Nkwenda. Mtandao unayumba, jibu halirudi, naye anabonyeza tena. Mtambo uliotengenezwa vizuri hutambua kuwa maagizo mawili ni agizo lile lile moja, hulilipa mara moja na kulikataa la pili. Katika Mojaloop fedha kwanza hutengwa upande wa mlipaji, kisha hukabidhiwa upande wa pili ukithibitisha, na kila agizo hulinganishwa na yaliyotangulia ili lisirudiwe. Kasoro ndogo katika mistari michache inayofanya ulinganisho huo inaweza kulipa mara mbili au kutenga fedha na kuziacha zikining'inia, hazipo kwa mtumaji wala kwa mpokeaji.

Hakuna programu isiyo na kasoro. Tofauti kati ya mtambo mzuri na mbaya ni muda unaopita kati ya kasoro kuzaliwa na kasoro kuonekana, na kama yupo mtu wa kuitengeneza siku hiyo hiyo.

PENDEKEZO LINAVYOKAGULIWA

Programu huria hutengenezwa kwa mapendekezo. Mtu aliyeko Nairobi, Bangalore au Berlin akigundua kasoro huandika marekebisho na kuyapeleka kwa watunzaji. Katika Kubernetes, pendekezo hujaribiwa kwanza na mitambo yenyewe kwa maelfu ya majaribio. Kisha msomaji mmoja hulipitia na kusema linafaa. Halafu mwidhinishaji, ambaye jina lake limeandikwa kuwa mwenye dhamana ya sehemu hiyo ya programu, hutoa ruhusa. Kila fungu la maandishi lina wenye dhamana wake. Hakuna anayeingiza kazi yake kimya kimya bila mwingine kuipitia.

Utaratibu huu hauko mbali na ule ambao mwanachama wa ushirika anaufahamu. Karani hupima, kamati huthibitisha, bodi huidhinisha, na vitabu hukaguliwa na COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika. Kwenye karatasi utaratibu wa ushirika ni mzuri. Kila mwanachama mwenye umri mkubwa anajua pia kwamba vyama vilivyoanguka havikuanguka kwa kukosa utaratibu. Vilianguka kwa sababu wakaguzi walikuwa wachache, walichelewa, au vitabu vilikuwa wazi lakini hakuna aliyevifungua.

Hapo ndipo kosa la kufikiri linapoanzia kuhusu programu huria. Watu husema: maandishi yako wazi, dunia nzima inayaona, kwa hiyo ni salama. Kuwa wazi si sawa na kusomwa. Daftari linaweza kukaa mezani ofisini miaka 10 bila mtu kugeuza ukurasa.

Kusoma kazi ya mwingine ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa. Anayeandika marekebisho hupata sifa, jina lake hutajwa. Anayesoma mapendekezo 20 kwa wiki, akakataa 5, akaomba 10 yarekebishwe, hapati sifa yoyote. Hupata lawama za wale aliowachelewesha. Matokeo yake wanaoandika ni wengi, wanaosoma ni wachache, na foleni hurefuka.

KASORO ZILIZOPITA MACHONI

Historia ya miaka ya karibuni ina mifano ya kutosha. Wa kwanza ni wa OpenSSL, programu inayofunga kwa siri mawasiliano kati ya mteja na benki. Mwishoni mwa mwaka 2011 mtaalamu mmoja alipeleka nyongeza, mwingine akaipitia, ikakubaliwa. Wote wawili hawakuona kuwa kipimo kimoja cha urefu kilikuwa hakikaguliwi. Kasoro hiyo iliyopewa jina Heartbleed ilitangazwa Aprili 2014, baada ya programu yenye kasoro kusambaa kwa miaka miwili. Ilipochunguzwa ilibainika kuwa programu iliyokuwa ikilinda sehemu kubwa ya biashara ya mtandaoni duniani ilikuwa ikipata michango ya kiasi cha dola 2,000 kwa mwaka, na mtu mmoja tu aliyefanya kazi hiyo kwa muda wote. Makampuni makubwa yalianza kuchanga baada ya moto kuwaka.

Wa pili ni wa Kubernetes yenyewe. Desemba 2018 ilitangazwa kasoro iliyompa mtumiaji wa kawaida njia ya kupita katika lango kuu la mtambo na kutoa amri kama mwenye mamlaka yote. Kwa kipimo cha hatari cha 10, ilipewa 9.8. Marekebisho yalikuwa tayari siku ilipotangazwa, kwa matoleo yaliyokuwa bado yanatunzwa. Aliyekuwa na toleo la zamani alibaki na lango wazi.

Jambo hili la matoleo lina uzito wa pekee kwa nchi zinazonunua mitambo kwa mradi. Tangu mwaka 2021 Kubernetes hutoa matoleo mapya matatu kwa mwaka, na kila toleo hutunzwa kwa miezi 14 hivi. Baada ya hapo kasoro zake hazitengenezwi tena. Mkandarasi anayefunga mtambo, akakata utepe, akachukua malipo na kuondoka, ameacha mali ambayo baada ya mwaka mmoja na ushei ni kama gari lisilo na vipuri. Nje linang'aa, lakini breki hazina fundi.

Mfano wa tatu ni mpya, na ndio unaopaswa kuwanyima usingizi wakurugenzi wa benki. Ingress NGINX ni programu ya mlangoni: hupokea maombi yanayotoka nje na kuyaelekeza ndani ya kundi la kompyuta. Makundi mengi sana duniani yaliweka mlango huo. Machi 2025 wataalamu wa kampuni ya Wiz walitangaza kasoro ambayo ingeweza kumpa mvamizi funguo za kundi zima. Nayo ilipewa 9.8. Ilitengenezwa. Lakini Novemba mwaka huo huo wenye mradi walitangaza kuwa programu hiyo itaachwa, na kwamba matunzo yake yangeishia Machi 2026. Sababu waliyoitoa haikuwa ya kitaalamu pekee. Kwa miaka mingi mlango huo ulikuwa ukitunzwa na mtu mmoja au wawili, kwa muda wao wenyewe, jioni baada ya kazi na mwisho wa wiki. Waliomba wenzao wa kusaidia, hawakupatikana wa kutosha.

Maelfu ya makampuni yaliyoutumia mlango huo bure yalipata taarifa ya miezi michache kuhamia kwingine. Hesabu ya gharama za kuhama, ikilinganishwa na mshahara wa mafundi wawili au watatu kwa miaka hiyo, haihitaji shahada ya biashara kuielewa.

BUTURA YA PROGRAMU

Mkulima wa Kagera anaifahamu butura. Ada ya shule imefika, mgonjwa yuko hospitali, kahawa bado iko mtini haijaiva. Anatokea mtu mwenye fedha mkononi na maneno mazuri, na shamba linauzwa maua yakiwa bado kwenye matawi. Mkulima hatoi kwa kuwa ni mjinga. Hutoa kwa kuwa amechoka na hakuna mwingine aliyekuja kumsaidia.

Jambo linalofanana na hilo liliipata programu iitwayo XZ Utils, inayobana mafaili ili yachukue nafasi ndogo, na ambayo imo katika kompyuta nyingi za Linux. Mtunzaji wake, Lasse Collin wa Finland, aliifanya kazi hiyo kwa kujitolea. Kuanzia mwaka 2021 alijitokeza mtu aliyejiita Jia Tan, akaleta marekebisho mazuri, moja baada ya jingine. Mwaka 2022 majina mengine yasiyojulikana yalianza kumlaumu mtunzaji kuwa ni mzito na kumtaka akabidhi kazi kwa wengine. Hatimaye Jia Tan alipewa mamlaka. Mapema mwaka 2024 aliingiza mlango wa siri ambao, ungesambaa, ungemruhusu mwenye ufunguo kuingia katika seva nyingi duniani bila kubisha hodi.

Haukusambaa. Mwishoni mwa Machi 2024, Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayeshughulika na hifadhi ya data ya PostgreSQL, aliona kuwa kuingia kwenye kompyuta zake za majaribio kulikuwa kunachelewa kwa nusu sekunde hivi. Wengi wangepuuza. Yeye alifuatilia mpaka akafika kwenye XZ, na tarehe 29 Machi akatoa taarifa hadharani.

Wapo wanaolitumia tukio hilo kusema programu huria haziaminiki. Wapo wanaolitumia kusema ukaguzi wa wazi umeshinda. Wote wana nusu ya ukweli. Maandishi yaliyo wazi yalimwezesha Freund kufuata nyayo hadi mwisho. Katika programu iliyofungwa angeishia kwenye mlango wa muuzaji. Lakini hakuwa mkaguzi aliyepangiwa kazi hiyo. Alikuwa mpita njia mwenye macho. Nchi haiwezi kuweka malipo yake yote chini ya ulinzi wa wapita njia.

JE, ZILIZOFUNGWA NI BORA?

Baadhi ya mameneja hudai kuwa dawa ni kununua programu za kampuni kubwa zilizofungwa, ambazo zina mtu wa kumshitaki. Hoja hiyo ina uzito, lakini haijitoshelezi. Julai 2024 kampuni ya usalama wa kompyuta ya CrowdStrike ilisambaza marekebisho yenye kasoro, na kwa makadirio ya Microsoft kompyuta milioni 8.5 za Windows zilianguka. Ndege hazikuruka, hospitali zilirudi kwenye karatasi. Ukaguzi kabla ya kusambaza ndio uliopungua, na wateja hawakuwa na njia ya kuuona upungufu huo mapema.

Mfano mbaya zaidi unawahusu watu wanaofanana sana na mawakala wa fedha wa Omurushaka. Uingereza, shirika la posta liliwapa mawakala wake mtambo wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Mtambo ulipoonyesha upungufu, wakala aliambiwa alipe au ashitakiwe. Kati ya mwaka 1999 na 2015 zaidi ya mawakala 900 walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu. Wengine walifungwa, wengine walifilisika. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilikubali kuwa mtambo ulikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu wa uongo, na mwaka 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta hukumu hizo. Kwa miaka yote hiyo wakala hakuweza kuomba maandishi ya programu yasomwe na fundi wake. Neno la mtambo lilikuwa neno la mwisho.

Wakala wa Omurushaka ambaye hesabu ya simu na hesabu ya droo hazilingani jioni ana sababu ya kuifikiria habari hiyo. Uwazi wa programu ni haki yake ya kujitetea. Lakini ni haki isiyo na faida kama nchini hamna watu wa kutosha wanaoweza kuyasoma maandishi hayo na kusimama mahakamani kuyaeleza.

HESABU YA SIKU MOJA

Gharama ya kutokuwa na mafundi inaweza kukadiriwa. Chukulia mnunuzi ameshinda mnada wa kilo 200,000 kwa Sh. 4,000 kwa kilo. Thamani yake ni Sh. milioni 800. Kama fedha hizo ni za mkopo wa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, kila siku malipo yanapokwama inamgharimu riba ya karibu Sh. 394,500. Hapo haijahesabiwa lori lililosimama, ghala, wala mkulima anayeamua kuuza kidogo kwa magendo kuelekea mpakani Murongo kwa sababu mlipaji wa huko anatoa noti mkononi.

Msimu wenye bei nzuri huzidisha hasara hiyo. Kahawa ya robusta ilivuka dola 5,000 kwa tani katika soko la London mwaka 2024, na mwanzoni mwa mwaka 2025 ikapanda zaidi. Bei ikiwa juu namna hiyo, siku moja ya mtambo kusimama ni fedha nyingi kuliko zamani, na bei inaweza kugeuka kabla ya malipo kufika.

Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari, intaneti ilidorora Tanzania na nchi jirani, na wafanyabiashara walionja utegemezi huo. Waya uliokatika angalau meli hutumwa kuutengeneza, na mwenye waya anajulikana. Programu iliyoachwa na watunzaji wake haina meli.

LA KUFANYA

Kwanza, benki na kampuni za simu zinazotengeneza faida kwa programu huria ziajiri watu wa kuzitunza, na sehemu ya saa zao za kazi iwe ni kusoma mapendekezo na kutengeneza kasoro katika miradi yenyewe huko inakotengenezwa, si katika nakala ya ofisini tu. Anayerekebisha nakala yake peke yake hulazimika kurudia kazi hiyo kila toleo jipya linapotoka. Anayerekebisha kwenye chimbuko hurekebisha mara moja kwa wote, na hujenga jina la kusikilizwa siku akiwa na shida.

Vipaji vipo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishirikiana na wataalamu wa Sweden kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Wataalamu wa chuo hicho hicho wamefanya kazi kwa miaka mingi na Chuo Kikuu cha Oslo katika DHIS2, programu huria ambayo kufikia mwaka 2013 ilikuwa imeenezwa Tanzania Bara kukusanya takwimu za vituo vya afya. Eldoret, Kenya, ni miongoni mwa mahali pa kwanza kutumia OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa, mwaka 2006. Sekta ya fedha haina sababu ya kuwa nyuma ya hospitali.

Pili, vyuo vifundishe kusoma programu za watu wengine. Kijana anayehitimu Dar es Salaam au Dodoma huonyesha mradi alioujenga kuanzia mwanzo. Aombwe pia kuonyesha kasoro tatu alizotengeneza katika mtambo ambao hakuujenga yeye. Hiyo ndiyo kazi atakayoikuta.

Tatu, bodi za vyama vya msingi na vyama vikuu, KDCU wa Karagwe na Kyerwa ukiwemo, zinapoletewa mtambo wa mizani, orodha au malipo, ziulize maswali manne kabla ya kutia sahihi. Mtambo unasimama juu ya programu zipi, na ni matoleo gani? Matoleo hayo yatatunzwa hadi tarehe gani? Kasoro ya hatari ikitangazwa, nani ataitengeneza na ndani ya siku ngapi? Muuzaji akifunga biashara, chama kinabaki na maandishi ya programu au kinabaki na kompyuta tupu? Muuzaji asiyeweza kujibu maswali hayo kwa maandishi anauza gunia lisilochomwa.

Nne, na hili ni la wenye hisa. NMB na CRDB zipo katika Soko la Hisa la Dar es Salaam tangu 2008 na 2009, na Vodacom Tanzania tangu 2017. Watu wa mikoani, Kagera wakiwemo, wanamiliki hisa hizo kwa mafungu madogo madogo. Kwenye mkutano mkuu huuliza gawio, na wana haki. Lakini gawio la miaka ijayo linategemea mitambo ya leo. Mwenye hisa 200 ana haki ile ile ya kusimama na kuuliza: kampuni inategemea programu huria zipi, na inalipa watu wangapi kuzitunza? Jibu la sifuri likitolewa hadharani mara moja, si rahisi lirudiwe mwaka wa pili.

Mikutano mikuu mingi hufanyika katikati ya mwaka, kipindi ambacho kahawa ya Kagera nayo inavunwa. Wenye hisa wasioweza kusafiri wana fomu za uwakilishi, na swali huweza kutumwa kwa maandishi kwa katibu wa kampuni kabla ya siku ya mkutano.